Mama Omena Anafika Lini?

Mume wangu anaijua miguu ya mama yangu kuliko mimi niliyebebwa mgongoni kwake. Nimekubali hivyo, lakini sikukubali kwa urahisi, na mtu akinichokoza juu ya jambo hili hata leo nitamjibu vibaya. Basi nisikilizeni nieleze tangu mwanzo, maana hapa Kosele kila mtu analisimulia kivyake, na wengine wakisimulia mimi ndiye ninayeonekana mjinga.

Mama anaitwa Edinah. Anauza omena Sori, kule ziwani upande wa Migori, tangu kabla sijazaliwa. Samaki hawa wadogo huanikwa juu ya nyavu ufukweni mpaka wakauke, kisha hupimwa kwa kopo la gorogoro. Mama si mkubwa wa mwili. Kikubwa ni sauti. Akisema "sogea" pale ufukweni, hata ng'ombe waliokuja kunywa maji husogea.

Mume wangu ni Willis, mtu wa hapa hapa Kosele, Homa Bay. Ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta sokoni, na mimi nina cherehani yangu mlango wa pili. Nilimpenda kwa sababu hana maneno mengi. Siku hizi namgombeza kwa sababu hiyo hiyo.

Kwetu Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana mpaka inachosha. Mama mkwe tunamwita maro. Maro hataniwi, haitwi jina, hashikwi mkono ovyo. Mkwe akiingia kwake hukaa kiti cha karibu na mlango, hula kidogo, na macho yake hubaki chini. Si woga, ni adabu. Na maro naye haendi kwa mkwe wake hivi hivi kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Hualikwa, hujiandaa, huja na wanawake wenzake, na siku hiyo boma zima hufagiliwa mpaka nyuma ya choo. Kabla ya siku hiyo mama yako hajui unapolala wala hajaona sufuria zako. Mimi nilikuwa nimeolewa miaka minne. Mtoto wetu, Cate, alikuwa na miezi saba, na nyanya yake alikuwa amempakata mara moja tu, nilipompeleka Sori. Ziara ya mama ilikuwa imepangwa Desemba. Nilishashona hadi vitambaa vya viti, vya manjano, kila kimoja na ua lake. Nilimtaka mama yangu akae kwenye kiti changu, ndani ya nyumba yangu, amshike mtoto wangu. Hicho tu ndicho nilichotaka mwaka huo, na hicho ndicho kilichotaka kuharibika.

Willis ana ugonjwa wake, kutengeneza michezo ya simu. Alijifundisha mwenyewe kwa kutazama video, bila mwalimu. Mchezo wa kwanza ulihusu bodaboda na haukuchezwa na mtu isipokuwa binamu yake. Wa pili ulikuwa mgumu hata mimi, mke wa mwenye mchezo, nikaufuta. Kisha akaanza wa tatu. Mwanamke anatoka ufukweni na beseni la omena kichwani, anakimbilia sokoni. Wewe unamwendesha kwa kidole gumba. Anaruka madimbwi, anainama chini ya kamba za nyavu, anakwepa mbwa na yale mandege makubwa ya jalalani yanayoiba samaki. Beseni likianguka, unaanza upya. Akamwita Mama Omena.

Kwa miezi mingi huyo Mama Omena alitembea kama mtu aliyemeza mwiko. Willis alimrekebisha goti, akamrekebisha kiuno, wapi. Kila mtu aliyeonyeshwa alisema ni mzuri, kisha akarudisha simu haraka. Nilianza kumwonea huruma, si yule mwanamke, Willis.

Siku moja nilikuwa nikitia zipu kwenye sketi ya shule, akaniita. "Mili, njoo uone."

Nilienda nikiwa na pini mdomoni. Mwanamke alikuwa anatembea. Mguu wa kushoto uligusa chini kwa ukingo wa nje kwanza, ukajigeuza nusu, ndipo kisigino kikashuka na kusukuma ardhi. Bega la kushoto lilizama kidogo na kupanda tena, na beseni juu yake halikutikisika hata chembe. Nilicheka kwa furaha, pini zikaanguka.

"Sasa huyu ni mtu," nikasema. "Umemtoa wapi?"

"Sijui," Willis akasema. "Amekuja tu mkononi."

Sikumtambua. Mama yangu mwenyewe alipita mbele yangu kwenye kioo cha simu, huku na huku, na mimi nikasema leso yake ibadilishwe rangi.

Tena niungame lingine, kwa sababu nimesema nitaeleza yote. Ile leso iliyoleta balaa ilikuwa wazo langu. Nilimwambia Willis watu wanapenda kucheka, mwanamke akianguka leso ifunguke, abaki na gauni la ndani, aishike kwa aibu huku omena imemwagika. Willis alisita. Nikamwambia wewe hujui biashara. Akaiweka.

Mchezo aliutoa mtandaoni mwezi wa Agosti, na safari hii haukulala. Kwanza ni watu wa bodaboda pale stejini, halafu wanafunzi, halafu wauza mboga. Mtu alileta simu itengenezwe akakataa kuiacha kwa sababu alikuwa katikati ya mbio. Watoto walitembea sokoni wakiburuta mguu wa kushoto na kugeuza. Waliochekesha zaidi walirekodi kile kipande cha leso na kukiweka kwenye status zao, na ndicho kilichosafiri mbali kuliko mchezo wenyewe. Willis alitembea kichwa juu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi nilitembea nyuma yake nikiwa nimevimba kuliko yeye.

Kule Sori kuna Frankline, fundi wa injini za boti, mtoto wa jirani tuliyekua naye. Frankline hana ubaya, ila mdomo wake hutangulia akili. Aliucheza mchezo wiki nzima. Sabato moja, ibada ilipokwisha, akamfuata mama nje ya kanisa, kina mama wenzake wakiwa wamesimama hapo hapo na Biblia zao.

"Mama Mili," akasema, "uko ndani ya simu. Njoo ujione."

Yeye aliona anamletea heshima. Wanawake wakasogea. Mama akainamia ile simu, na wote wakaona. Uso haukuwa wake. Uso ulikuwa wa mviringo, wa mtu yeyote. Lakini miguu haikuhitaji kuulizwa. Mmoja wao akasema, "Edinah, ni wewe kabisa," na mama, Frankline anaapa, alitabasamu. Halafu kidole cha Frankline kikateleza. Mwanamke akaanguka, omena ikamwagika, leso ikafunguka. Kina mama wakaangua kicheko. Frankline, kwa hiyo akili yake, akaongeza, "Na aliyetengeneza ni mkwe wako wa Kosele."

Kicheko kikakatika.

Mama alirudisha simu. Akachukua Biblia yake, akaanza kwenda nyumbani. Kasichana fulani ka darasa la tatu, bila kujua kitu, kakamfuata nyuma kakiiga, ukingo, geuza, kisigino. Mama akageuka akakaona. Hakukagombeza. Alisimama pembeni mpaka watu wote wakapita, ndipo akatembea.

Jumatatu alinipigia. Mama huanza simu kwa salamu ndefu, za mtoto, za mvua, za kuku. Siku hiyo hakusalimu.

"Mili, ile safari ya Desemba, futa."

"Kwa nini, mama?"

"Mtu amenivua nguo mbele ya kanisa. Mtu mwenyewe ni mkwe wangu. Nitaingia kwake na uso gani?"

"Mama, ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo, nyathina, mwanangu. Ndiyo maana wamecheka."

Akakata. Nilibaki nimekaa mbele ya cherehani na vile vitambaa vya manjano vimekunjwa kwenye kapu karibu na mguu wangu. Kisha Frankline akapiga, sauti chini, akaeleza yote niliyowaeleza, akaomba msamaha mara sita. Mwishoni akasema jambo lililoniumiza kuliko hayo mengine. Mama alikuwa ameacha kutembea. Kutoka nyumbani mpaka ufukweni ni umbali wa kuitana tu, lakini sasa alipanda bodaboda kwenda na kurudi. Beseni alimpa mtu mwingine abebe. Akifika hukaa juu ya gunia lake na hainuki mpaka jioni.

Nilimwendea Willis kibandani. Sikungoja mteja atoke.

"Umemwiga mama yangu."

Aliinua kichwa hajaelewa. Nikachukua simu yake, nikafungua mchezo, nikamwekea mbele ya macho. "Tazama huo mguu. Tazama, halafu uniambie ni wa nani."

Alitazama muda mrefu. Akaweka bisibisi chini. Mteja alichukua redio yake akaondoka polepole.

"Ni wa mama," Willis akasema. "Mungu wangu. Ni wa maro."

"Miaka minne yote unajifanya hutazami kitu!"

"Mili, ndiyo sababu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka minne nimekaa kwenye kile kiti cha mlangoni kwenu, macho chini. Ningeona nini kingine?"

Nikikosa jibu mimi hugomba zaidi. Nilisema maneno mengi. Sikutaja kwamba leso ilikuwa yangu, na Willis naye hakunikumbusha. Hilo la kutonikumbusha liliniuma mpaka nikaacha kugomba.

Kwao Willis habari zilifika mbio. Shangazi yake alinong'ona neno chira, ile laana ya kunyauka inayompata mtu aliyevunja mwiko, akasema kumvua maro nguo, hata kwa picha, si jambo la kuoga maji na kusahau. Willis ni mtu wa kompyuta, lakini siku hiyo hakula. Alitaka kuufuta mchezo wote. Nilimwambia ukiufuta utakuwa umemaliza mchezo, hujamaliza kosa. Twende Sori.

Tulienda siku ya Alhamisi, Cate mgongoni kwangu. Willis alikaa kiti chake cha mlangoni. Mama alikaa ndani, mbali, akampokea mtoto, akamlaza mapajani. Hakuinuka kutuletea maji. Ilibidi niyachukue mwenyewe, na nikajua hakutaka kutembea mbele ya Willis.

"Mili," akasema, "muulize Jakosele, huyu mtu wa Kosele, mguu wangu ameuona wapi."

"Mama, si anakusikia?"

"Nimekuambia wewe umuulize."

Willis akajibu akiitazama sakafu. "Mwambie mama sijawahi kuutazama uso wake. Nimekuwa nikitazama chini kama inavyotakiwa. Akileta maji naiona miguu. Akienda jikoni na kurudi naiona. Nilipokuwa natafuta mtu wa kutembea na mzigo kama anaujua mzigo, ndiyo ilinijia. Sikujua ni yake. Nimekosa. Na ile leso nimekosa zaidi."

"Leso ilikuwa yangu mimi," nikasema. Ilinitoka tu. "Mimi ndiye niliyemwambia aiweke. Alikuwa hataki."

Mama alinitazama. Nimetazamwa na mama mara nyingi katika maisha yangu, lakini ile sitaisahau. Sikuona hasira machoni mwake. Alikuwa kama mtu anayehesabu upya watu waliomo nyumbani mwake.

"Wewe," akasema, "unajua huu mguu uliumia vipi?"

"Ulikanyaga mwiba. Nikiwa mdogo."

"Mwiba." Akacheka kidogo, bila furaha. "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyokuambia. Ulikuwa na miaka mitano, ningekuambia nini?"

Akaanza kusimulia, mkono wake ukimpapasa Cate tumboni. Ulikuwa mwaka ule baba alipokufa. Pale ufukweni wanawake wengi walikuwa na mvuvi wao. Boti likija, mvuvi humpa mwanamke wake samaki kwanza, na mwanamke naye anajua atalipa kwa nini, na si kwa pesa. Walimwambia mama achague mmoja. Alikataa. Basi ili apate omena hakuwa na njia ila kuwa wa kwanza majini, kuingia mpaka kifuani boti kabla halijafika, ashike ukingo wake na kutembea nalo hadi nchi kavu. Asubuhi moja ziwa lilikuwa na mawimbi. Boti lilisukumwa, tumbo lake likapanda juu ya mguu wake na kuukandamiza kwenye mawe.

"Ukafanya nini?" nikauliza.

"Nilinunua omena yangu kwanza. Ndipo nikatazama mguu."

Willis hakuinua macho, lakini niliona mikono yake imeshikana.

"Ulipona vibaya kwa sababu sikukaa," mama akaendelea. "Ningekaa mngekula nini? Nilijifunza kuuweka hivi, ugeuke hivi, mzigo usimwagike. Ilinichukua mwaka. Na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, hata wewe uliyekuwa unatembea nyuma yangu umeshika leso yangu. Halafu siku moja nauona kwenye simu ya Frankline, mzuri, wote kama ulivyo, na kabla sijamaliza kuutazama watu wananicheka nikiwa na gauni la ndani."

Machozi yalinitoka, na siogopi kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Niliishi na mwiba usiokuwepo maisha yangu yote kwa sababu sikuwahi kuuliza mara ya pili.

Kuku aliingia, akatoka. Kisha mama akasema, "Hebu weka huo mchezo. Nataka kuuona wote. Cheza wewe, si yeye."

Nikaketi miguuni pake nikacheza. Sijawahi kucheza kwa uangalifu vile. Mwanamke aliruka madimbwi, akainama chini ya nyavu, akakwepa mbwa. Nilitokwa jasho kwa hofu ya kumwangusha mama yangu mbele ya macho yake. Alikimbia, akakimbia, barabara ikawa inafunguka mbele yake kila mara. Mama alitazama bila kupepesa.

"Anafika lini?" akauliza.

"Wapi, mama?"

"Anakoenda. Sokoni, nyumbani. Mtu akibeba mzigo huwa anafika mahali."

Nikamgeukia Willis. Willis akaiambia sakafu, "Hafiki. Mchezo ni wa kukimbia mpaka aanguke. Aliyempeleka mbali zaidi ndiye mshindi."

Mama alimweka Cate sawa mapajani. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kupima omena.

"Kwa hiyo kila mwenye simu ananikimbiza, na hakuna hata mmoja wa kunifikisha."

Akanirudishia mtoto. Akasema chakula kiko tayari, nimpe mume wangu maji ya kunawa. Kuhusu Desemba hakusema neno, na mimi sikuthubutu kuuliza. Tulirudi Kosele. Mtu akiniuliza siku gani nilijua nimeolewa na mtu mzuri, ni siku ile, kwa sababu katika njia yote hakutafuta hata neno moja la kujitetea.

Alifanya kazi wiki sita. Leso aliitoa siku ya kwanza. Sasa mwanamke akianguka, watu wa njiani wanakuja wanamsaidia kuokota, na mzigo unarudi kichwani ili aanze upya. Lakini kilichochukua muda ni kufika. Ukimkimbiza mama vya kutosha, barabara inaanza kupungua upana. Mbwa wanakwisha. Kuna lango. Mtoto analifungua. Mama anaingia, anashusha beseni mwenyewe, anaondoa ngata kichwani, anakaa kwenye kiti. Basi. Hakuna kelele ya ushindi wala nyota zinazoruka. Anakaa, ananyoosha ule mguu wa kushoto, na unaweza kumtazama akipumzika mpaka uchoke mwenyewe. Nilipoona kile kiti nilisogeza simu karibu. Kilikuwa na kitambaa cha manjano chenye ua.

Watu hawakupenda. Tusidanganyane. Walioandika maoni waliandika kwa hasira: kwani mama amechoka, mimi sijachoka, nilikuwa naongoza steji yote sasa ananikalia, turudishieni leso. Vijana wa bodaboda walimwambia Willis ameharibu kitu kizuri kwa mikono yake. Ndani ya mwezi mmoja waliocheza walipungua mpaka nusu, kisha chini ya nusu. Niliwaona wateja wakipita kibanda bila kusimama. Nilimwuliza kama inamuuma.

"Inauma," akasema. "Waache."

Maoni mengine yalikuja polepole, mojamoja. Mtu wa Ntimaru, kule mpakani kwa Wakuria, aliandika: "Mama yangu alibeba ndizi kichwani mpaka ng'ambo miaka yote ya shule yangu, na alikufa kabla sijamfanyia kitu. Huyu nimemfikisha jana. Nimemwacha amekaa. Sitaanza tena." Niliyasoma hayo kwa sauti nikiwa kwenye cherehani. Willis alisimamisha kazi, akaomba niyasome mara ya pili.

Nilimtumia Frankline toleo jipya na onyo: usimwonyeshe mama mbele ya watu, na ukimwangusha nitakuja Sori kukutafuta. Alimwendea mama nyumbani kwake, wakiwa wawili tu. Ilimchukua majaribio kumi na moja kumfikisha yule mwanamke, kwa kuogopa onyo langu. Anasema mama alipomwona yule mwanamke amekaa, alimtazama mpaka simu ikazima. Aliuliza tu kile kitambaa cha manjano kimeshonwa na nani.

Asubuhi iliyofuata mwenye bodaboda alikuja kumchukua kama kawaida. Mama akamwambia aende zake. Akajitwika beseni.

Wiki ya pili ya Desemba nikapata ujumbe wa maneno matatu: Jumapili. Tuko sita.

Siwezi kueleza jinsi nilivyofagia.

Walishuka Kosele stejini kama saa tano. Willis alikuwa amepanga bodaboda sita ziwasubiri, maana kutoka stejini mpaka kwetu kuna mwinuko. Wenzake watano walipanda. Mama alikataa. Alijitwika beseni lake, akapita katikati ya soko kwa miguu yake, mbele ya vibanda, mbele ya wale wale vijana waliompigisha mbio miezi minne. Nilikuwa nimesimama langoni na Cate, nikamwona akitokea kwa mbali. Ukingo, geuza, kisigino. Watoto walikuwa wanamfuata nyuma, kundi zima, na mmoja akaita, "Mama Omena!"

Mama alisimama, akageuka na beseni lake.

"Nisalimieni kwanza," akasema. "Mimi ni mtu mzima."

Wakamsalimia wote, mmoja baada ya mwingine, na waliomfuata kuanzia hapo walitembea kawaida.

Nilimfungulia lango. Aliingia, akashusha beseni mwenyewe, akaniambia niondoe mkono. Akakaa kwenye kiti cha manjano. Akanyoosha mguu. Akamchukua Cate. Willis alikuwa amesimama nje ya mlango, upande, macho chini, jinsi inavyopasa, na wale wanawake wengine walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kanisani wa kubariki nyumba. Walipomaliza mama akasema, bila kumgeukia:

"Mili, mwambie mwenye boma hili ule uso aliouweka kwenye simu si wangu. Mwambie ainue macho. Uso wangu ni huu."

Sikuhitaji kumwambia. Willis alibaki vilevile kwa muda, kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotegemea. Halafu akainua kichwa akamtazama mama yangu usoni. Mama naye hakugeuka wala hakutabasamu kumrahisishia. Ulikuwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha maji. Kisha Willis akashusha macho, akasema, "Asante, mama," akaenda kuwaona wanaochoma mbuzi.

Nilitarajia atauchora uso upya. Nilingoja Januari, nikangoja Februari. Mama Omena anakimbia hadi leo na ule uso wa mviringo, wa mtu yeyote, na wachache wanaoendelea kumcheza wanamfikisha na kumwacha amekaa. Siku moja nikamwuliza Willis kwa nini habadilishi, wakati sasa anaujua uso wenyewe.

"Huo alinionyesha mimi," akasema. "Simu haikualikwa."